Mate ya Baba

Mweiga,
16 Januari 1972

Kwako Baba,

Nakusalimu wewe na Mama. Mathenge, kaka yangu, najua wewe ndiye unayemsomea Baba barua hii, kwa hivyo nawe nakusalimu. Tafadhali msomee polepole, hasa pale penye mshahara.

Nilifika salama. Nimepewa chumba nyuma ya jiko la shule pamoja na Kibibi, karani wa ofisi, mtu wa mtaa wa Majengo, Nyeri mjini. Yeye huongea mchana kutwa na mimi husikiliza, kwa hivyo tunapatana. Ananiita Mwalimu Mdogo.

Ninafundisha kidato cha kwanza Kiswahili na jiografia. Wavulana wawili wana ndevu. Siku ya kwanza sauti ilikataa kutoka. Nikageukia ubao, nikaandika tarehe, nikaifuta, nikaiandika tena. Mmoja akasema, "Mwalimu, hiyo tarehe tumeielewa." Darasa zima likaangua kicheko. Usiku ule nilikariri majina yao yote. Kesho yake nilipowaita mmoja mmoja bila kutazama daftari, wakanyamaza.

Sasa mshahara. Bwana Wamae, mwalimu mkuu, amenieleza kwamba kwa kuwa nimetoka kidato cha nne juzi na sijasomea ualimu, nitaanza na shilingi mia mbili na themanini kwa mwezi. Bwana Mutahi, aliyetoka chuo kikuu na kuanza kazi wiki moja na mimi, anaanza na elfu moja na zaidi. Vipindi vyangu ni vingi kuliko vyake, na hunipa madaftari ya darasa lake niyasahihishe. Juzi aliniambia nimletee chai, akacheka: "Wewe ni wa bei rahisi, Wachuka, lazima utumike." Silalamiki, Baba. Nataka tu ujue hesabu ya kweli, maana watu wa kwetu wakisikia "mwalimu wa sekondari" hufikiria pesa za Bwana Mutahi.

Bwana Wamae amesema matokeo yangu ya mtihani wa kidato cha nne yakiwa mazuri ataniombea nafasi katika chuo cha ualimu. Nikitoka huko sitasahihisha tena madaftari ya mtu mwingine.

Lakini kabla ya chuo nataka jambo moja. Nataka nikuletee mshahara wa kwanza bila kuufungua, uufungue wewe, unitemee mate ya baraka viganjani, nijipake kifuani kama babu alivyokufanyia ulipopata kazi ya kwanza. Umeniita Mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la mama yako. Nataka huyu Mama yako naye akuletee kitu. Bila mate yako nitaenda chuoni nikitazama nyuma.

Ni mimi mtoto wako mtiifu,
Wachuka

*

Othaya,
23 Januari 1972

Kwako Mama yangu Wachuka,

Baba anasema na mimi Mathenge naandika. Anasema hivi.

Barua yako nimesomewa yote, hata ile ya tarehe ubaoni. Nimecheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Nimewaambia watu wa kanisa, na wale wa kituo cha majani chai, ya kwamba binti yangu anafundisha sekondari. Mwenye duka aliniuliza unalipwa ngapi, nikamwambia si chini ya elfu. Ile hesabu yako ya kweli asingeielewa. Mtu hawezi kusomesha msichana miaka hii yote, halafu ataje pesa ya mtu wa kuchuma chai. Na wewe ukiulizwa, nyamaza. Kunyamaza unajua.

Uje Jumamosi tarehe tano Februari. Bahasha iwe na gundi na muhuri wa shule, wala usiiguse na ukucha. Nitaifungua mbele ya watu. Mzee Simeon wa kanisani atasali. Mbuzi yuko. Mate yangu pia yako, Mama, nimekuwekea.

Baba yako.

Mimi Mathenge naongeza yangu. Hiyo pesa ikiguswa kabla ya mate ni laana, usije ukasahau. Hata ukiona bahasha ni nyembamba, usichungulie. Mimi niko na shida zangu huku, wazazi wa Wacera kule Kiriaini wanasema nisipopeleka kitu cha mahari mwezi huu watampa mwingine. Lakini hiyo si kazi yako. Wewe funza watoto.

Kaka yako,
Mathenge

*

Mweiga,
31 Januari 1972

Kwako kaka Mathenge,

Leo tumelipwa. Bahasha ninayo ndani ya Biblia, na Biblia iko chini ya mto.

Ulisema huenda ikawa nyembamba, na kweli ni nyembamba. Kibibi ameniona nikiipima mkononi, akasema, "Fungua, Mwalimu Mdogo! Jasho ni lako, gundi ni ya serikali, unaogopa nini?" Nikamweleza habari ya mate. Akaniangalia muda mrefu bila kucheka, na si kawaida yake. Akasema, "Kwenu mna mambo mazito. Haya, lakini ningekuwa wewe ningefungua." Nikamwambia hapana.

Bwana Mutahi alifungua yake pale pale, akahesabu kwa kidole kilicholoweshwa, akasema ataleta pikipiki mwezi wa nne.

Kuna jambo nakuomba. Jumamosi ukae karibu nami. Nikitazamwa na watu wengi maneno hunikauka, unajua nilivyo tangu utotoni. Ukinisimamia sitaogopa. Nimemnunulia Mama kilemba cha buluu kwa shilingi nilizobakiza nilipokuja, si za mshahara. Usimwambie.

Dada yako,
Wachuka

*

Mweiga,
8 Februari 1972

Kwako Baba,

Sijui kama utakubali kusomewa barua hii.

Baba, sikuifungua. Naapa kwa jina nililopewa. Ulipoikata na kutoa noti nne za ishirini, nilifikiri nyingine zimeng'ang'ana ndani. Nilikuona ukitia vidole, ukaipuliza, ukaipindua juu ya meza. Ukauliza, "Elfu ya watu iko wapi?" Nilitaka kusema haikuwa elfu, lakini uliniambia nikiulizwa ninyamaze. Kisha nikataka kusema kwamba hata hivyo hazikupaswa kuwa themanini, na hapo machozi yakanipata kabla ya maneno.

Uliniuliza ni mwanamume gani wa Mweiga ninayemlisha. Sina mwanamume, Baba. Simjui mtu huku ila Kibibi na wanafunzi wangu.

Mathenge alisimama akasema, "Hii ndiyo faida ya kusomesha wasichana. Afadhali angebaki na kikapu mgongoni." Wanaume wakacheka. Mathenge, nilikuomba unisimamie. Hukumbuki?

Mzee Simeon aliposema nipige magoti aniombee niondolewe tamaa, nilipiga magoti nikaitikia amina, kwa sababu sikujua lingine la kufanya. Nilinyosha viganja. Niliviacha vimenyoshwa. Ukaja mbele yangu, Baba, nikasikia umekusanya mate kinywani, nikafumba macho nikifikiri umenihurumia. Ukatema chini.

Sikumpa Mama kilemba. Nilirudi nacho.

Nitamuuliza Bwana Wamae zile nyingine zilikwenda wapi. Nipe nafasi niulize, kisha nitakuja nikueleze mbele ya watu wale wale, hata nikilia. Usiniache hivi.

Wachuka

*

Othaya,
14 Februari 1972

Kwako Wachuka,

Baba anasema na mimi naandika.

Usiulize mtu yeyote chochote. Umeniaibisha nyumbani, sasa unataka kwenda kuniaibisha ofisini.

Watu wakinipita njiani wananisalimu kama mfiwa. Mwenye duka ameniuliza kama nataka kukopeshwa sukari. Nimemwambia binti yangu amekufa, nina mtoto mmoja, mwanamume.

Nyumbani usije mpaka nikuite. Mama yako nimemkataza kukutaja. Analia akikamua, ng'ombe ametoa maziwa kidogo, hilo nalo ni lako.

Mshahara wa pili utaletwa vile vile, umefungwa, kwa gundi na muhuri. Ukiwa sawa nitafikiria. Habari za chuo zisahau. Na hilo jina la mama yangu, usilitumie tena ukiniandikia. Yeye hakuwa mwizi. Ulirudishe.

Nimemaliza.

Mathenge ameandika.

*

Mweiga,
20 Februari 1972

Kwako kaka Mathenge,

Barua hii ni yako peke yako. Sijui niianze vipi, kwa hivyo naandika kama ilivyokuwa.

Baba alinikataza kuuliza, lakini sikupata usingizi. Nilisimama nje ya mlango wa Bwana Wamae siku mbili bila kubisha. Siku ya tatu Kibibi akasema, "Usipoingia nitakuingiza kama gunia la viazi," akanifungulia mlango kwa goti.

Nikauliza. Bwana Wamae akashangaa. Akasema, "Mia mbili si alichukua kaka yako kabla ya mwisho wa mwezi? Alisema baba yenu amelazwa, mnataka advansi. Alitia sahihi kwa niaba ya baba. Hukumtuma?"

Nikasema sikumtuma. Akauliza kwa nini sikusema mapema. Nikasema sikujua. Akakuna kichwa. "Sikukuita," akasema, "kwa sababu msichana mkimya namna hii, nilidhani mmekwisha kuelewana nyumbani." Nilipotoka Kibibi alikuwa analia. Siku ile uliyokuja alikuona, akadhani ninajua, na siku ya bahasha akaogopa kuingilia mambo ya watu.

Mathenge, sikuandikii kwa hasira. Labda wazazi wa Wacera walikubana sana, ukaona utazirudisha kabla ya Jumamosi ukashindwa. Ungeniambia ningekupa. Naapa ningekupa, baada ya mate. Sizitaki. Nataka tu umwambie Baba ukweli. Si lazima mbele ya watu. Mwambie mkiwa wawili shambani. Akijua kwamba sikuiba atanitemea mate nami nitakwenda chuoni, na zile mia mbili hatutazitaja tena maishani.

Nakungoja.

Dada yako,
Wachuka

*

Othaya,
24 Februari 1972

Wewe msichana,

Nimesoma barua yako nikacheka. Ati nimwambie Baba tukiwa wawili shambani! Wewe umesoma mpaka kidato cha nne na bado uko na akili ya mtoto wa kunyonya.

Ni Baba alinituma. Alisema niende kabla ya mwisho wa mwezi, nichukue mia mbili, maana watu wa Kiriaini hawangoji na yeye hataki mtoto wake mwanamume akataliwe. Mimi nikamuuliza, na siku ya kufungua, itakuwa vipi? Akasema, "Huyo hawezi kusema neno mbele ya watu. Atalia tu." Na si ulilia?

Yeye alikuwa amewaambia watu ni elfu. Ungetaka aitoe wapi hiyo elfu? Aibu ilikuwa lazima ibebwe na mtu. Ati aibebe yeye, mzee wa kanisa? Ama mimi, na wakwe wangu walikuwa na mtu wao pale anasikiliza? Wewe ni msichana, utaolewa uende na hiyo aibu mbali.

Na kama unataka kujua kwa nini alitema chini: hiyo pesa ilikuwa imekwisha kuguswa. Hangeweza kukutemea mate juu ya pesa iliyoguswa, laana ingemrudia mwenyewe. Baba si mjinga, anaogopa kama wewe.

Usinililie mimi. Mimi nilitolewa shule darasa la saba ili karo ikutoshe wewe, kwa sababu mwalimu mmoja alisema wewe ndiye uko na kichwa. Ulivaa viatu, mimi nikabeba chai kwa mgongo. Mia mbili ni nini? Tumeongea na Baba. Chuo hakuna. Utafundisha hapo hapo, na mshahara utakuja hapa mpaka nyumba yangu iishe na Wacera aingie.

Tena usijaribu kumwandikia Baba kando yangu. Nani atamsomea?

Sasa sikiza. Jumamosi tarehe nne Machi wageni wa Kiriaini wanakuja kwetu. Mzee Simeon atakuwako na wale wengine. Ijumaa nitapita hapo shuleni nichukue bahasha. Iwe imefungwa, na muhuri. Safari hii hatutoi kitu kwanza. Baba ataifungua hapo mezani wakiona, wajue nyumba yetu iko na mwalimu. Wakiuliza mbona si elfu, tutasema zingine ziko benki. Wewe usikuje. Baba hajakusamehe mbele ya watu bado.

Mathenge

*

Mweiga,
2 Machi 1972

Kwa Baba, mbele ya wageni,

Ikiwa maneno haya yanasomwa, basi umekwisha kuikata bahasha kwa kisu chako cha kupogolea, na umetoa karatasi mahali pa pesa. Umeigeuza huku na huku. Umempa Mathenge, kwa kuwa ndiye macho yako. Ameileta mwenyewe kutoka Mweiga, gundi haijaguswa, muhuri uko sawa. Ameibeba vizuri, mshukuru.

Mathenge, soma. Wageni wanangoja. Ukiona ni vigumu, mzee Simeon ameketi hapo na miwani yake mfukoni, mpe yeye.

Mama, usiinuke kwenda kuleta chai. Keti usikie.

Wageni wetu wa Kiriaini, mimi ndiye Wachuka mliyeambiwa ni mwalimu. Ni kweli. Mshahara wangu wa kuanzia ni mia mbili na themanini, si elfu, na benki sina. Zile mia mbili mlizoletewa mwezi wa kwanza zilikuwa zangu. Zilitolewa ofisini kwetu kwa kusema Baba amelazwa, na siku hiyo Baba alikuwa shambani, mzima. Kisha nikaitwa mwizi mbele ya mtu wenu aliyekuwako. Muulizeni, atawasimulia nilivyopiga magoti. Mia mbili sizidai, ni zenu. Wacera hana kosa. Mwambieni tu anakuja kuolewa na nani, asije akasema dada wa mume alijua akanyamaza.

Mzee Simeon, uliniombea niondolewe tamaa. Ile sala naomba uwape wenyewe.

Mathenge, mpaka hapo umesoma vizuri. Endelea.

Kaka yangu, ni kweli nilivaa viatu nawe ukabeba chai. Nililijua hilo kila siku niliyokwenda shule. Ndiyo maana nilisema ningekupa. Ungeomba tu.

Baba, ulimwambia Mathenge kwamba siwezi kusema neno mbele ya watu. Ulisema kweli. Ningekuwa hapo sasa ningekuwa ninalia. Kwa hivyo nimemwachia yeye aseme kwa niaba yangu, kama alivyotia sahihi kwa niaba yako.

Matokeo ya mtihani yalitoka wiki iliyopita. Nimepasi daraja la kwanza. Huko kwenu hakuna aliyeuliza. Bwana Wamae ameniandikia barua ya chuo, nafikiri kwa aibu. Bwana Mutahi amenipa mkono, kisha akanipa madaftari yake. Mshahara wa pili nimenunulia sanduku na blanketi, uliobaki ni wa karo ya chuo. Wa tatu utakuja mkononi mwangu. Kibibi ndiye aliyenipa bahasha hii na kuipiga muhuri, na amesema mwanamume yeyote wa kwetu akionekana tena ofisini atamwagiwa wino kichwani.

Nyumbani sitakuja. Najua wageni wakiondoka ni nani atakayelipia barua hii, na si Mathenge. Ni wewe, Mama. Nimelijua hilo, na nimeandika. Kilemba chako ninacho.

Baba, nilichotaka kwako hakikuwa kikubwa. Uliniambia umeniwekea. Jumanne nilipolipwa nilifunga mlango nikaifungua bahasha kwa mikono yangu. Nikanyosha viganja kama nilivyovinyosha mbele yako. Nikangoja kidogo, sijui nilikuwa nikimngoja nani. Kisha nikatema mate mwenyewe, nikajipaka kifuani. Nilifikiri ngozi itaungua. Hayakuunguza. Yalikuwa na uvuguvugu, kama nilivyodhani yako yangekuwa. Yakakauka, kengele ikalia, nikaenda darasani.

Ni mimi,
Wachuka. Jina silirudishi.